Umeandika "Kwa Udi na Uvumba" Tangu Shule ya Msingi, Lakini Udi Wenyewe Unaukimbia

Kila aliyesoma Kenya amewahi kuandika "kwa udi na uvumba" kwa insha. Unaichomeka kwa aya ya pili, mwalimu anaweka tiki nyekundu, maisha yanaendelea. Niliazimia kufaulu mtihani kwa udi na uvumba. Poa. Sasa mtu huyo huyo leo yuko ndani ya matatu ya Eastleigh, mama mmoja amepanda na dira lake, ananukia udi vizuri tu, na jamaa anafunika pua na kumnong'onezea mwenzake: "Manze, hapa kuna majini."

Halafu jioni anaingia mtandaoni, anaona mzungu akisifu chupa ya marashi yenye neno "Oud" kwa lebo, bei yake kodi ya keja miezi mitatu, na anaandika pale chini: naitaka hii kwa udi na uvumba.

Wasee. Ni kitu kimoja. "Oud" ni udi. Ni neno la Kiarabu lenye maana ya mti au kijiti, na Kiswahili kilikuwa nalo kitambo sana kabla ya Ufaransa kujua kuna pesa ndani yake. Yves Saint Laurent walitoa M7 mwaka 2002, na ndiyo watu wengi hutaja kama marashi makubwa ya kwanza ya Ulaya ya siku hizi kujengwa juu ya udi. Tom Ford akafuata na Oud Wood mwaka 2007. Huko Lamu na Mombasa wakati huo bibi harusi walikuwa wanafukizwa kama kawaida, na hakuna aliyeandika habari gazetini.

Kitu kinachonikera si kwamba watu hawajui. Mimi mwenyewe nilitoka chuo mwaka wa pili, sitaki kuja hapa kujifanya profesa. Kinachonikera ni dharau. Kuna plot moja nilikuwa nimepanga, nikichoma udi Ijumaa asubuhi, na keshata akanitumia ujumbe kwamba majirani wanauliza kama nafuga "vitu". Vitu! Na hao majirani wawili kati yao walikuwa wananiuliza kwa siri marashi yangu ni gani, mbona hayaishi.

Kuhusu waganga, tusidanganyane. Ndiyo, kuna waganga wanaochoma udi na ubani. Pia wanatumia mayai na kuku, na bado Jumapili unakula kuku. Kanisa Katoliki linachoma ubani mbele ya altare na sijawahi kusikia mtu akisema Padri ananuka majini. Tena Kiswahili kimetupa maneno mawili tofauti kwa sababu nzuri: kunuka na kunukia. Mtu akikupita kwa matatu akiwa amejipaka udi, ananukia. Ukisema ananuka, hapo humwongelei yeye wala udi wake, unajiongelea wewe na ulivyolelewa.

Sasa udi ni nini hasa?

Kuna miti inaitwa Aquilaria, inakua Asia, kuanzia Assam kule India na Bangladesh mpaka Myanmar, Thailand, Kambodia, Vietnam, Malaysia, Indonesia. Ukikata mti wenye afya, mbao yake ni nyeupe nyepesi na hainukii chochote. Lakini mti ukijeruhiwa, wadudu wakautoboa au tawi likavunjika, na kuvu wakaingia kwa hicho kidonda, unaanza kujikinga kwa kutoa utomvu mzito mweusi unaoingia ndani ya mbao. Hiyo mbao iliyoshiba utomvu ndiyo udi. Yaani harufu yote hii watu wanapigania ni kovu. Mti uliougua na ukajitetea. Na si kila mti ulioumizwa unatoa udi, kwa hiyo hapo ndipo bei inaanza kupanda.

Vipande vizuri vinachomwa hivyo hivyo juu ya kaa. Vingine vinasagwa, vinalowekwa kwa maji, vinachemshwa siku kadhaa, mvuke unapozwa, na mafuta yanaelea juu yakichotwa kidogo kidogo. Hayo ndiyo Waarabu wanaita dehn al-oud. Huku kwetu pwani wazee wanaita haludi. Ukienda duka la zamani useme unataka "oili ya oud" watakuelewa, lakini ukisema haludi watakutazama tena.

Kwa hivyo ona jinsi hii kitu imesafiri. Miti ni ya Asia, lakini waliofanya udi uwe adabu, uwe sehemu ya kuishi, ni watu wa Arabuni. Oman, Kuwait, Emarati, Saudia, ukitembelea nyumba ya watu, mwisho wa ziara kinaletwa chetezo. Kinazungushwa kwa wageni, kila mtu anavuta moshi kidogo kwa mkono, anauelekeza kwa kilemba, kwa ndevu, kwa shela. Na kila mtu anajua maana yake: tumefurahi mmekuja, sasa mnaweza kwenda. Hakuna kukaa baada ya udi. Mimi naona hii ni adabu kali kuliko zetu za kupiga miayo na kusema "kesho ni kazi". Hadi biashara yenyewe imeunganisha hizo pande mbili: Ajmal, jina unaloliona kwa maduka ya Dubai, ilianzishwa na Haji Ajmal Ali, mtu wa Assam, mwaka 1951. Amouage ya Oman ilianza 1983. Na meli zilizokuwa zinakuja na kaskazi kutoka huko ndizo zilituachia chetezo, mawaridi, na hilo neno ulilolichomeka kwa insha.

Twende kwa mafuta yenyewe, maana najua wengi mmefungua hii post kwa sababu ya hiyo.

Kwanza, sahau kitu unachokijua kuhusu marashi ya kupuliza. Marashi ya kupuliza yana spiriti ndani, yanalipuka ukipuliza, lifti nzima inajua umefika. Mafuta hayana spiriti. Yanakaa kwa ngozi na yanapanda pole pole na joto la mwili wako. Mtu anayesema "haya mafuta hayana nguvu, sikusikia mita tano" ananunua kitu kisicho chake. Niliwahi kumsikia kijana akimwambia mzee mmoja wa duka la Mji wa Kale Mombasa, "Ami, nipe udi wa nguvu kabisa." Mzee akamtazama, akamuuliza, "Nguvu ya nini mwanangu, wataka kupigana?" Akamfungulia kichupa, akamgusisha tone moja mkononi, akamwambia azunguke sokoni nusu saa kisha arudi.

Hiyo nusu saa ndiyo siri yote. Udi una dakika zake za kwanza ambazo zinaweza kukutisha. Hasa ule wanaouita Hindi, wa mtindo wa Assam. Huko mbao huachwa kwa maji muda mrefu kabla ya kuchemshwa, inachacha, na mafuta yakifunguliwa yanagonga kama zizi. Sifanyi mzaha. Ngozi, mavi ya farasi, jibini lililokaa. Mtu wa mara ya kwanza anarudisha kichupa na kusema amepigwa. Ngoja. Baada ya dakika ishirini, thelathini, lile zizi linaondoka na inabaki mbao, moshi, kitu kama asali iliyoungua kidogo. Saa tatu baadaye unainamia mkono wako kwa foleni ya benki na unasahau unasubiri nini.

Kama huko ni mbali sana kwa kuanzia, uliza mtindo wa Kambodia. Huo una utamu, kama matunda yaliyokaushwa, na hautakupiga kofi mlangoni. Mimi ningemwanzishia mtu hapo. Wanaojiita wajuzi watakwambia Hindi ndiyo ya wanaume, achana nao. Kule Ghuba wanawake wanapaka Hindi na wanaume wanapaka waridi, na dunia haijaanguka.

Namna ya kupaka: tone moja. Nimesema moja. Vichupa vingi vina kijiti cha kioo kwenye kifuniko, gusa mkono upande wa ndani, kisha gusisha mkono wa pili, usisugue kama unafua. Nyuma ya masikio. Mwenye ndevu, paka viganja kidogo kisha pitisha kwa ndevu, hapo inakaa siku nzima na ndipo Waarabu wengi wanapaka. Usiguse kanzu nyeupe wala shati nyeupe, mafuta mengi ya udi ni ya kahawia iliyokolea na doa lake halitoki. Kama ngozi yako ni ya kuwasha, weka tone kwa ndani ya kiwiko, ngoja siku moja uone kama kuna vipele. Na kama unatoka Nairobi ya Julai unaenda Mombasa, punguza. Joto linafungua udi kama mlango. Kile kilichokuwa kinanong'ona huku kwa baridi kitapiga kelele ukishuka tu Miritini.

Sasa pesa, hapa ndipo nataka mnisikie vizuri.

Mafuta ya udi yanapimwa kwa tola. Tola moja ni kama gramu 11.7, madukani wanaiuza kama mililita 12, na kile kichupa kidogo ulichozoea ni robo tola, mililita 3. Tola moja ya udi safi wa mti wa porini inaweza kupita laki moja ya Kenya kirahisi. Kwa hivyo mtu akikuuzia "udi asilia mia kwa mia" kwa shilingi mia tatu, usiniite kuniuliza kama ni ya ukweli. Hesabu ni hiyo.

Lakini sikia, hii haimaanishi cha mia tatu ni takataka. Kuna kitu Waarabu wanaita mukhallat, yaani mchanganyiko: udi kidogo au wa maabara, waridi, zafarani, miski, msandali. Ni utamaduni wao pia, na michanganyiko mingine ni mizuri kuliko udi mtupu uliotengenezwa vibaya. Nina vichupa vinne vya bei ya chini kutoka Eastleigh na navipenda. Na hizo chupa za Ulaya za elfu thelathini nyingi pia zinatumia viungo vya maabara vinavyoiga udi, tofauti ni kwamba zina sanduku zito. Shida yangu ni uongo tu. Muuzaji akisema "huu ni mchanganyiko", namlipa nikicheka. Akisema ni dehn al-oud safi, nataka aniambie ni wa nchi gani, wa porini au wa shamba, na aniruhusu nikae na tone moja mkononi hadi jioni. Anayekukataza kungoja ana sababu.

Na msidanganywe na hizi video za majaribio. Eti udi halisi unazama kwa maji. Mbao yenye utomvu mwingi sana kweli inazama, lakini kuna mbao zinazopakwa rangi na kushindiliwa vitu vizito ndani ili zizame. Eti choma na kiberiti uone. Eti weka friji usiku. Pua yako na muda, hakuna kingine, na pua inafundishwa kwa kunusa vitu vingi kabla ya kununua. Ukipita Biashara Street Mombasa, au maduka ya Eastleigh, kunusa ni bure. Amkia watu vizuri, sema ukweli kwamba leo huna pesa, unajifunza. Wazee wa hizi duka wanapenda mtu anayeuliza kuliko anayetaka "ile ya TikTok".

Kuna jambo lingine lazima niliseme kwa sauti, kwa sababu wengi wenu mnaishi kwa vyumba kimoja. Chetezo cha makaa ndani ya keja iliyofungwa dirisha ni hatari. Makaa ni makaa, iwe ni jiko la chai au udi wa bibi harusi. Hewa yake ya sumu haina harufu, na udi utaificha zaidi. Nyumba za kizamani za pwani na Arabuni zilikuwa na ua, dari ndefu, madirisha pande zote. Bedsita ya Roysambu haina. Fungua dirisha, choma dakika kumi, toa kaa nje kabisa kabla ya kulala. Au nunua kile chetezo cha stima, kipo na si ghali sana. Mwenye pumu asikae kwa moshi hata wa dakika mbili, yeye apake mafuta tu. Ukitaka nguo zikae na harufu, tandaza shati juu ya kitenga kilichofunika chetezo, kama wanavyofanya Lamu, moshi upite kwa nyuzi. Kisha tone la mafuta kwa ngozi. Moshi kwa nguo, mafuta kwa mwili, hiyo ndiyo namna ya Ghuba, na ukipata harufu mbili zinazosikilizana hutahitaji kupuliza kitu.

Na tukitoka kwa hizo raha, kuna msitu.

Kwa sababu utomvu uko ndani ya mti na nje huoni, mkata miti wa haramu anakata kumi akitafuta mmoja. Ndio maana Aquilaria malaccensis iliwekwa kwa orodha ya CITES mwaka 1995, na mwaka 2005 jamaa zake wote wa Aquilaria wakafuata. Kuuza kuvuka mpaka sasa kunataka kibali. Hata hivyo mti huo umefika kiwango cha hatari ya juu kabisa ya kutoweka. Halafu mtu ananiambia anataka tu "wa porini" kwa sababu wa shamba hauna roho. Udi wa shamba unatoka kwa miti iliyopandwa, ikatobolewa na kupandikizwa kuvu kwa makusudi. Baadhi ni mzuri sana, na bei yake mtu wa kawaida anaweza kuiota. Mimi nanunua wa shamba na sitaki kusikia maneno.

Kama unaona hiyo ni habari ya Wamalaysia, angalia Samburu. Sisi tuna msandali wetu, Osyris lanceolata, mti mdogo wa sehemu kame. Mafuta yake yako mpaka kwa mizizi, kwa hivyo wezi hawakati, wanang'oa. Serikali ilipiga marufuku uvunaji wake porini mwaka 2007, CITES ikauorodhesha mwaka 2013, na bado malori yanakamatwa. Anayeng'oa analipwa pesa ya unga. Marashi yanayotoka huko mwisho hata hayarudi hapa. Kwa hivyo ile hadithi ya udi, ya mti wa watu wengine uliomalizwa ili sisi tunukie, tunaiona ikifanyika nyuma ya nyumba yetu na kwa mti wetu, na ni watu wachache sana wa umri wangu wanaujua hata kwa jina.

Ndio sababu nasema jifunze kabla ya kununua. Sisemi uache. Robo tola ya udi wa shamba, ukipaka tone moja siku za maana, itakaa na wewe mwaka mzima au zaidi, kwa sababu mafuta ya udi hayaharibiki haraka. Ukiyaweka mbali na jua, mengine yanalainika na kuwa matamu zaidi kadri yanavyokaa. Chupa ya kupuliza unaimaliza kwa miezi mitatu na unarudi kukopa Fuliza.

Maswali mnayonitumia kila wiki nayajibu hapa ili nisirudie. Unaweza kupaka ofisini? Ndiyo, wa Kambodia, tone moja, si Hindi, waonee huruma wenzako. Wewe si Mwislamu, unaruhusiwa? Harufu haina kitambulisho, lakini usiende kumvalia mtu kilemba kwa picha. Mama yako anasema ni ushetani? Usibishane naye. Chukua maji ya waridi, mpake mkononi, halafu wiki inayofuata mpake mchanganyiko wa waridi na udi kidogo, na umwache aulize mwenyewe ni nini. Wangu aliuliza siku ya tatu. Sasa kichupa hakiko kwangu.